Milioni moja na laki mbili Dar: inatosha kumtoa radiografa Bukoba?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni radiografa mwenye shahada, nina miaka miwili kazini kwenye hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Bukoba. Nalipwa 780,000 kabla ya makato, na nyumba ya hospitali nakaa bure. Tuna eksirei na utrasaundi, basi. Sasa hospitali binafsi ya Dar es Salaam, maeneo ya Upanga, imenipa ofa ya 1,200,000. Wao wana mashine kubwa za picha, CT na MRI. Nakatwa mkopo wa chuo wa Bodi, sina mume wala mtoto, na kila mwezi natuma chochote nyumbani. Wenzangu wanasema nikikataa nitajuta. Niende, au nisubiri ajira za serikali?"

Marahaba mdogo wangu. Wenzako wametazama namba mbili, 780,000 na 1,200,000, wakaona pengo la laki nne na ishirini. Mimi kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kupanga rosta na kupokea watu wanaokuja kuomba advansi kabla hata mwezi haujafika katikati, kwa hiyo macho yangu huenda kwanza kwenye karatasi ya mshahara. Tuipige pamoja.

Anza na unachopata sasa. Kwenye 780,000 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 78,000. Kodi inapigwa kwenye kinachobaki, 702,000: kipande cha kwanza hadi 270,000 hakina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi hapo, hadi 760,000, ni asilimia 20. Jumla ya kodi ni 56,400. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 117,000. Mkononi unabaki na 528,600. Bima ya afya nimeiacha kwa sababu kila mwajiri ana utaratibu wake; kama ni NHIF, ondoa asilimia 3 pande zote mbili.

Sasa ofa ya Dar. NSSF 120,000. Kinachotozwa kodi ni 1,080,000, na hapo umeshavuka milioni, kwa hiyo kodi ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ile 80,000 iliyozidi: 152,000. Bodi 180,000. Mkononi 748,000.

Toa moja kwa nyingine. Laki nne na ishirini za kwenye barua zinakufikia zikiwa 219,400. Nusu yake imeishia njiani, na hujapanda basi bado. Ukishavuka ngazi ile ya mwisho ya kodi huku unalipa Bodi, kila nyongeza ya shilingi 1,000 inakufikia 480. Watu wengi wenye shahada hawalijui hili mpaka siku mshahara unapoingia, ndipo wanapoanza kumtafuta mhasibu kwa hasira, na mhasibu hana kosa.

Kabla hatujaenda sokoni, nitumie jibu la jambo moja: hiyo 1,200,000 ni mshahara wa msingi au ni jumla ya kila kitu? Kwenye hospitali binafsi kuna mtindo wa kuandika msingi 700,000, kisha posho ya nyumba 300,000 na ya usafiri 200,000. Jumla ni ile ile na ukiisoma haraka unafurahi. Tatizo ni kwamba saa za ziada, malipo ya usiku na hata kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliotumikia vyote hupigwa kwa msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kawaida ni saa 45. Ukigawa mshahara wa mwezi kwa saa 195 unapata bei ya saa yako moja. Kwa msingi wa 1,200,000 saa yako ni kama 6,150, na saa ya ziada, ambayo hulipwa mara moja na nusu, ni karibu 9,230. Kwa msingi wa 700,000 saa ya ziada inashuka hadi karibu 5,380. Ni mtu yule yule, chumba kile kile, aproni ya risasi ya kuzuia mionzi ile ile.

Malipo ya usiku nayo yanachekesha kidogo. Sheria inataka kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwako wewe, hata msingi ukiwa ile 1,200,000 nzima, usiku mzima wa saa kumi unaongeza kama shilingi 3,080. Sahani moja ya wali maharage na kipande cha samaki kwa mama ntilie, na chenji usiitegemee. Asilimia 5 ni kima cha chini, hakuna anayezuiwa kulipa zaidi, kwa hiyo uliza wao wanalipa kiasi gani kwa zamu ya usiku na kwa kuitwa ukiwa nyumbani. Waajiri wawili wanaotaja mshahara unaofanana wanaweza kutofautiana sana hapo.

Haya, Dar yenyewe. Kodi ya nyumba ndiyo itakayokushika shati kwanza. Kwa bei ninazozisikia sasa, chumba masta na sebule kwenye nyumba inayoeleweka, yenye maji ya uhakika na mita yake ya LUKU, utakipata kwa 150,000 hadi 200,000 ukienda upande wa Ubungo, Kimara au Tabata. Sinza na Kijitonyama chumba kama hicho kinaanzia 250,000 kwenda juu. Upanga yenyewe isahau, hata madaktari wengi wanaofanya kazi pale hawalali pale. Mwenye nyumba atataka miezi sita mkupuo, wengine mwaka, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Chukua 180,000: miezi sita ni 1,080,000, ongeza ya dalali, umefika 1,260,000 kabla hujanunua godoro. Fedha hiyo unayo? Kama huna, waulize hospitali kama wanatoa posho ya kuhamia au mkopo wa kukatwa kidogo kidogo bila riba. Wapo wanaotoa, ila hawatoi kwa asiyeomba. Usije ukaingia mji kwa mkopo wa kausha damu; nimeona wataalamu wazuri wakifanya kazi mwaka mzima kumlipa mtu wa riba, na kadi yao ya benki inakaa mfukoni mwake.

Mahali pa kukaa nako usichague kwa kodi peke yake. Sisi watu wa mionzi tuna tatizo ambalo mhasibu hana: huwezi kuondoka mpaka mwenzio amefika. Aliyelala na CT usiku kucha anakusubiri wewe ndipo akalale, na wewe jioni unamsubiri mwingine. Ukikaa Goba au Mbezi ya ndani kwa sababu kodi ni nafuu, unapanda bodaboda hadi barabarani, kisha gari, kisha unashuka na kupanda jingine. Tangu LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, daladala ya njia fupi ni 600 na mwendokasi wa njia kuu ni 750. Si fedha za kutisha zenyewe, ila magari mawili kwenda na mawili kurudi kwa siku 26 ni 70,200, na bado hujahesabu bodaboda ya saa 3 usiku, ambayo kwa mwanamke anayetoka zamu peke yake mimi siiiti anasa.

Kwa hospitali ya Upanga, kama ningekuwa wewe ningetafuta chumba hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi cha barabara ya Morogoro: Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni. Gari moja hadi Fire, unashuka, unatembea. Kuna kasoro moja ya njia hiyo: masika, mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hufurika na barabara hufungwa, mwendokasi unaishia upande wa pili. Siku hiyo anayekaa Magomeni ataweza kuzunguka. Anayekaa Kibamba atampigia simu in-chaji, mkuu wake wa idara.

Chakula ukipika mwenyewe na mchana kula kwa mama ntilie, weka 220,000. Najua Bukoba hujazoea kununua ndizi. Huku utazifuata Mabibo, kwenye soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi, na bei itakufanya umkumbuke bibi yako. LUKU bila friji kubwa wala feni tatu weka 25,000, na usishangae ukikatwa kodi ya jengo humo humo. Maji 15,000. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukikaa nao miezi miwili, ni kama 28,000 kwa mwezi. Nauli 45,000 ukikaa kwenye njia ya gari moja, bodaboda za usiku 30,000, vocha na bando 30,000. Nyumbani nimekuwekea 80,000 na michango ya harusi na misiba 30,000, ingawa kamati za harusi za Dar zinaweza kulipeperusha fungu hilo kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Pamoja na kodi ya 180,000, jumla ni 683,000. Kwenye 748,000 unabaki na 65,000.

Kule uliko, bila kodi, nikikuwekea chakula 150,000, umeme 15,000, nishati ya kupikia 20,000, nauli 10,000, vocha 25,000, nyumbani 80,000 ile ile na michango 20,000, unatumia 320,000. Kwenye 528,600 unabaki na 208,600. Kama makadirio yangu ya Bukoba yamekupunja, yarekebishe wewe unayeishi huko, lakini sidhani kama utalifuta pengo.

Kwa hiyo kwa hesabu ya fedha peke yake, ofa hii inakurudisha nyuma kwa zaidi ya laki na arobaini kila mwezi. Wenzako hawajaipiga.

Sasa mbona bado sijakwambia ukatae? Kwa sababu ya lile neno uliloliandika kama la kupita tu: wana CT na MRI. Kwenye fani yetu, mshahara wa kesho unaamuliwa na mashine unayoweza kuiendesha peke yako usiku. Eksirei tunaijua wote, hata wa stashahada anaifanya vizuri, mara nyingi kuliko wenye shahada. Anayetafutwa kwa simu ni yule wa saa 9 usiku. Majeruhi wa bodaboda kaletwa, hajitambui, daktari anataka kichwa na shingo ndani ya dakika chache. Baada yake anapandishwa mgonjwa wa tumbo, na wewe ndiye unayetakiwa kuangalia kreatinini yake, kipimo cha figo, kabla ya kontrasti, ile dawa ya kung'arisha picha, kukataa ile kanula ya bluu ya mgongoni mwa mkono na kuomba ya pinki, geji 20, kwenye mshipa wa kiwiko, kwa sababu injekta, mashine ya kusukuma dawa, itasukuma mililita 3 hadi 4 kwa sekunde na mshipa mdogo utapasuka. Kisha unajua picha za ateri ni karibu sekunde 35 tangu dawa ianze kuingia, za ini karibu sekunde 70, na ukikosea muda hakuna daktari wa radiolojia atakayeirudisha ile dawa kwenye chupa. Mtu anayefanya hivyo bila kumwamsha mkubwa wake ana nguvu ya kukaa mezani na kutaja bei yake. Ukiwa na miaka miwili ya hapo, hospitali za Mwanza, Arusha na Dodoma zitakusikiliza, hata za nje ya nchi. Miaka miwili mingine ya eksirei ya kifua na utrasaundi ya wajawazito itakuacha ulipo, ukiwa na heshima zako na akiba nzuri, lakini ulipo.

Ila hospitali kuwa na CT si sawa na wewe kuigusa. Mgeni mara nyingi huwekwa chumba cha eksirei, anapiga vifua vya watu wanaotafuta viza na vipimo vya ajira, asubuhi hadi jioni, huku wenye CT wakiishikilia kwa sababu zamu zake ndizo zenye malipo. Unaweza kumaliza mwaka ukiwa umeitazama kupitia kioo. Nimewahi kumpokea binti aliyetoka sehemu ya namna hiyo, cheti chake cha kazi kimeandikwa "CT na MRI", na siku ya kwanza hakujua kuandaa injekta. Si kosa lake, hakuna aliyemwekea kwenye rosta.

Hilo ndilo la kuwabana nalo kabla hujasaini. Andika barua pepe fupi, ya heshima: ungependa kujua baada ya miezi mingapi utaingizwa kwenye mzunguko wa CT, nani atakufundisha, na baada ya muda gani utawekwa zamu ya peke yako. Omba iandikwe kwenye mkataba au kwenye kiambatisho cha majukumu. Ahadi ya simuni kutoka kwa afisa utumishi haina maana, kwa sababu afisa utumishi hapangi rosta. Ikiwezekana ongea na in-chaji wa idara mwenyewe. Muulize kuna radiografa wangapi na wangapi wanaendesha CT. Akikwambia "wote", vizuri. Akisema "wawili, ila tutaangalia", umeshajibiwa.

Kuna njia nyingine ambayo utaisikia ukifika: deiwaka. Kliniki na vituo vingi vya mjini vina utrasaundi na havina mtu wa kudumu, wanalipa kwa siku au kwa mgonjwa. Wewe unayejua utrasaundi tayari una mtaji ambao wenzako wa mjini hawana, na zamu chache kwa mwezi zinaweza kubadilisha kabisa ile hesabu yangu ya 65,000. Soma mkataba kwanza kama unaruhusu, leseni yako ya MRIPC, baraza la wataalamu wa radiolojia, iwe hai, na kituo kiwe kimesajiliwa. Ukikutwa unafanyia kwenye chumba cha uani, leseni inayoandamwa ni yako.

Kama deiwaka yenyewe ni ya eksirei, nisikilize vizuri zaidi. Kikomo cha mionzi kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka ukipigiwa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kikomo hicho ni cha mwili wako, hakihesabiwi kwa mwajiri. Nimeona watu wanaacha beji ya kupimia mionzi kwenye droo ya kazi ya kwanza na kwenda kupiga picha jioni kituo cha pili bila beji, kwenye chumba ambacho hata risasi ya ukutani huna hakika nayo. TAEC, tume ya nguvu za atomiki, wakisoma ile beji wanaona mtu salama kabisa. Kituo cha pili kidai beji yako na uombe kuona kibali chao cha TAEC ukutani. Kama hawana, hiyo hela iache.

Kuhusu serikali sitasema mengi. Omba. Kufanya kazi binafsi hakukuzuii, na matangazo ya ajira kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45, ambao wewe uko nao mbali. Faida yake si ukubwa wa mshahara wa kuanzia: ni ngazi za mshahara wa afya serikalini, TGHS, zinazopanda bila kumpigia mtu magoti, na mfuko wa pensheni wa PSSSF ambako wewe unachangia asilimia 5 na mwajiri 15, wakati huku binafsi kawaida mnagawana kumi kwa kumi. Kwenye mshahara wa milioni moja hiyo ni tofauti ya 50,000 mkononi kabla ya kodi, ingawa NHIF na ada ya chama cha wafanyakazi, TUGHE, zitaimega. Jua tu kwamba serikali inakupa kituo, haikupi Dar. Unaweza kuiacha nyumba ya misheni Bukoba ukapangiwa wilaya ambayo eksirei yenyewe inasubiri fundi. Kwa hiyo usiifanye iwe sababu ya kukaa ukisubiri. Tuma maombi ukiwa popote na uendelee na maisha.

Uamuzi wangu, ukinilazimisha: wakiandika CT kwenye mkataba ndani ya miezi sita, na wakikusaidia kodi ya mwanzo, nenda hata kwa 1,200,000, ukijua kwamba mwaka wa kwanza hutaweka akiba ya maana na kwamba unajilipia shule. Wakikataa kuiandika, waambie bei yako ni 1,500,000. Hiyo sijaitoa hewani: kwa 1,500,000, baada ya NSSF 150,000, kodi 233,000 na Bodi 225,000, mkononi unapata 892,000, na ukitoa matumizi yale yale unabaki na 209,000, karibu sawasawa na unachobaki nacho Bukoba leo. Chini ya hapo bila CT utakuwa unahama na mizigo yako ili uwe na fedha pungufu. Na kabla hujajibu, tembelea pia ofisi ya hapo ulipo. Hospitali yenye radiografa mmoja wa shahada ikisikia anataka kuondoka huwa inakumbuka ghafla mambo mengi, pamoja na ile posho ya kuitwa usiku ambayo, nikikisia, hawajawahi kukulipa.